Ulizipungia Mkono Ndege Zote

Baba yangu,

Nipe mkono niubusu kwanza, ndipo tuzungumze. Najua hupendi maneno ya kuanzia mbali. Ukinikuta nazungukazunguka mlangoni pa duka ulikuwa ukisema, "Mwana, sema jambo lako, saa za watu zaningoja." Basi nalisema. Nimekukosa, Baba. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike, na mwaka huu nimekuhitaji kuliko siku ile yenyewe.

Nakuandikia mezani pako, hapa kwenye duka lako la kutengeneza saa, barabara ya Ndia Kuu, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi ulichokitilia kipande cha kadibodi ukasema utakitengeneza kesho. Kadibodi ingalipo. Mama hataki duka lifunguliwe wala hataki lifungwe. Kila asubuhi huja akaondoa ubao mmoja wa mlango, akafagia, akaurudisha. Saa zako ukutani zimesimama zote, kila moja na wakati wake. Mkono wangu umekwenda kuzitia ufunguo mara mbili tatu, nikaurudisha.

Kioo chako cha jichoni nimekikuta kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na vile vibisibisi ulivyonikataza kuvigusa nami nikivigusa. Nimekivaa. Kinanuka mafuta ya karafuu uliyokuwa ukijipaka kichwani. Nikakaa nacho hivyo kwa muda, jicho moja limefumba, jingine latazama mbao za meza zilivyokuwa kubwa.

Unakumbuka zile saa mbili zilizofanana? Moja ya mwalimu wa chuo, nyingine ya karani wa reli, zote za rangi ya fedha, zote na mikanda ya ngozi nyeusi. Ulinituma nimpe mwalimu yake nami nikambebea ya karani, kwa sababu niliitazama nikaona ndiyo. Hukunigombeza. Ulinikalisha papa hapa, ukafungua mifuniko ya nyuma, ukanivisha kioo, ukaniambia nisome. Ndani mlikuwa na nambari ndogo, za kuchorwa kwa sindano. "Usitazame sura," ukaniambia. "Sura hudanganya hata mwenye mato mazima. Soma nambari." Nilikuwa na miaka minane. Nikasoma nambari, nikailinganisha na ile ya daftarini, nikarudi kwa mwalimu mbio na saa yake.

Lakini na wewe hukuwa malaika, Baba, na hili sitakusitiria. Karamu ile ya mchana ya harusi ya mtoto wa Bwana Sefu nitaisema mpaka kufa kwangu.

Mwalishi alikuwa amepita nyumba hata nyumba kualika, nawe ulisikia vizuri: Ijumaa, baada ya sala, kwa Bwana Sefu. Ulivaa kanzu iliyopigwa pasi, na mimi ulinichukua kwa sababu nililia mpaka Mama akachoka. Tukakata vichochoro. Tulipofika tukaona mabusati yametandikwa, watu wamekaa wanne wanne, masinia yanatoka mlangoni yakifuka moshi. Mimi nikasema, "Baba, hapa si kwa Bwana Sefu. Mlango wao una komeo la shaba." Ukanijibu pasi na kunitazama, "Nyamaza, mwanangu, nishaona busati." Nikakuvuta kanzu. Ukaniondoa mkono, ukavua viatu, ukakaa.

Ulikula ukashiba. Mimi nililishwa pembeni yako na babu mmoja asiyenijua, akinichambulia nyama. Uliposimama kwenda kumpa mkono wa pongezi baba wa bwana harusi, ukamkuta mtu ambaye hujapata kumwona maishani mwako. Naye, maskini, kwa uungwana wake, akakushukuru kwa kuja akakukaribisha tena. Kumbe siku ile palikuwa na harusi mbili, vichochoro viwili vilivyolala ubavu kwa ubavu. Tukatoka hapo tumeinamisha vichwa, tukaenda kwa Bwana Sefu, ukala sinia la pili kwa aibu. Usiku ule hukulala, walisema ni biriani, mimi nasema ni haya.

Nami nimekuwa nikiikumbuka karamu ile kwa kucheka tu. Nilikuwa nimesahau ulichokifanya baadaye. Alasiri ya kesho yake ulinishika mkono ukanipeleka barazani, kwa wenzako wanaokunywa kahawa, ukawasimulia mwenyewe kabla mtu mwingine hajawasimulia. Wakacheka wakajishika mbavu. Na ulipomaliza ukaniweka mbele yako, ukasema, "Huyu aliniambia. Alinivuta hata kanzu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia." Halafu ukaniinamia ukafunga nami mkataba: "Siku nyingine ukiniona naenda siko, nivute mara mbili. Ya pili nitasimama, hata kama nina tonge kinywani."

Sasa nifike penye jambo langu.

Waijua kazi yetu ya urubani ilivyo, maana nilikueleza mpaka ukachoka. Anga ikiwa safi na uwanja una ndege nyingi, waongozaji kule mnarani hukuuliza kama waiona njia ya kutua. Ukisema naiona, hukuachia ushuke kwa macho yako. Neno hilo moja, basi, na roho za watu wote nyuma yako zinalitegemea. Wako marubani waliolisema wakaenda kutua pasipo pao: njia ya jirani, au ile barabara ya kando ambayo ndege hupitia zikiwa chini, na wengine hata uwanja wa mji mwingine. Habari zao tunasomeshwa. Kila anayesoma husema moyoni, hao walikuwa hawako makini, mimi haliwezi kunipata. Na mimi nilisema hivyo, Baba, tena kwa kiburi.

Ilikuwa alasiri, kwenye uwanja mkubwa ambao sitautaja, wa nchi ya watu. Una njia mbili sambamba, ya kushoto na ya kulia, na ndege zinamiminika mfano wa watu sokoni Marikiti. Miaka yote niliyokwenda pale nimepewa ya kulia. Siku hiyo nikapewa ya kushoto. Nikaitikia kwa kinywa changu, "ya kushoto," wala sikukosea neno. Wakaniuliza kama naiona. Nikatazama nje. Ya kushoto ilikuwa imetiwa lami mpya, nyeusi, imefichika ndani ya kivuli cha wingu. Ya kulia imelala peupe, pana, inang'aa kwa jua, pale pale nilipoizoea. Nikasema, naiona.

Pembeni yangu alikuwa Mutiso, rubani msaidizi. Ni mtu wa makamo, umri wetu mmoja, amelelewa mtaani Buxton, baba yake alifanya kazi reli. Mtu wa kanisa, mpole, hasemi neno mpaka alipime. Mbele yetu kuna sindano kwenye kioo ambayo hukaa katikati ukiwa umenyooka na njia uliyopewa. Akaniambia, "Kapteni, sindano inasema tuko pembeni."

Nikamjibu, "Njia naiona, Mutiso." Nilimjibu kwa ile sauti ambayo ukiisikia ulikuwa ukiniita bibi mkubwa.

Nambari ya njia, pamoja na herufi ya upande wake, ilikuwa mbele yangu, imeandikwa chini kwa rangi nyeupe, kubwa kuliko nyumba yetu. Sikuisoma. Nilikuwa nimeshaona busati. Kisha akasema tena, na safari hii hakunipimia maneno: "Hiyo si yetu. Kuna ndege juu yake. Tupae."

Ya pili nikasimama. Nilisukuma injini mpaka mwisho, ndege ikanyanyua pua, na chini ya miguu yangu ikapita ndege nzima iliyokuwa imejaa watu, inangoja ruhusa ya kuruka. Sikumwona mtu, lakini nilijua wamo. Wapo waliokuwa wanafunga mikanda, wapo waliokuwa wanawatafutia watoto maji. Tulizunguka, tukatua ya kushoto, abiria wangu wakanishukuru mlangoni. Mama mmoja akaniambia, "Mwenyezi Mungu akuweke." Nikaenda chooni nikajifungia, nikalia mpaka mtandio ukalowa. Nilitaka kukupigia simu, Baba. Nilishika simu nikaitafuta nambari yako, nikaikuta bado ipo.

Shirika likanisimamisha kazi kwa muda, nikapewa karatasi niandike ilivyokuwa. Mkubwa mmoja wa ofisini, mtu anayenitakia mema, akaniita kando. Akaniambia niandike kwamba jua lilinipiga machoni, na kwamba msaidizi wangu hakusema kwa sauti ya kutosha. "Aseme alisema, wewe useme hukusikia," akaniambia. "Wewe ni kapteni, miaka yote hiyo. Yeye atavumilia." Kuandika kweli kulimaanisha huenda nikatolewa kwenye kiti kile, kiti ambacho wewe uligombana na ndugu zako wote ili nikikalie. Walikuuliza utamwozaje binti anayelala miji ya watu, ukawajibu kwamba hujaweka tangazo la kuoza. Kuandika uongo kulimaanisha Mutiso alaumiwe kwa kosa ambalo ndiye aliyetuokoa nalo.

Naona haya kukwambia kwamba nilifikiri. Siku nne nzima nilifikiri. Nikaja nyumbani na karatasi ile kwenye mkoba, tupu.

Ndipo nikapanda darini, juu ya paa la nyumba yetu.

Nilikwenda kukutafuta, Baba, hakuna jina jingine. Wajua siku zile ambapo safari yangu ilikuwa ya kuja Mombasa, na upepo ukitaka tuzunguke upande wa bahari, kisiwa hukaa chini ya dirisha langu chote. Nilikuwa nikiutafuta Mji wa Kale, nikiitafuta misikiti, na nyuma ya ule wetu nikiona kitone cheupe darini. Kanzu yako. Nilikuwa nikiwasha taa za kutulia mapema kidogo kwa ajili yako tu. Nikishatua tu, simu yako:

"Umeniona?"

"Nimekuona, Baba. Na wewe?"

"Nimekuona, mwanangu. Ulikuwa yuu ya Ngome, wameremeta."

Miaka kumi na moja maneno hayo hayo. Yalikuwa ndiyo dua yangu ya kufika. Na ulipotutoka, kila nikipita hapo juu niligeuza uso upande wa pili, nisione dari tupu.

Basi nikapanda zile ngazi, mara ya kwanza tangu nihame nyumbani, na nilipotokea juu sikuona bahari. Jirani ameongeza ghorofa, ukuta umekinga upande ule wote. Kutoka darini petu hakuna anayeweza kuona ndege ikija wala ndege haiwezi kumwona aliye darini petu. Na juu ya ghorofa ya jirani, pale pale nyuma ya msikiti, lipo tangi la maji. Jeupe.

Nilisimama nikalitazama tangi lile kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiliwashia taa, Baba. Miaka kadhaa nimeliwashia taa tangi la maji la jirani na machozi yakinilengalenga.

Nikateremka nikamkuta Mama anachambua mchele. Nikamuuliza, Baba alikuwa akisimama wapi darini akinitazama? Mama akaniangalia kama aliyeulizwa habari za mtu mwingine.

"Darini? Kwa magoti gani, mwanangu? Babako ngazi zile aliziacha tangu magoti yalipomvimba. Hata khanga zangu za huko nalikuwa nikianua mwenyewe."

"Sasa alikuwa akiniona wapi?"

"Papa hapa ndiani. Ukipiga simu kwamba leo waja, hatoki mlangoni pa duka. Ndege ikipita tu, hutoka akasimama kati ya ndia, mkono yuu. Wenye mikokoteni wampigia kelele aondoke, yeye haondoki. Na hapa pembamba hivi, huona kipande cha mbingu kama leso, ndege yapita imekwisha."

"Alijuaje kama ni yangu?"

"Hakujua." Mama akatupa kijiwe cha mchele nje. "Nilimwambia, mume wangu, wapungia watu wasiokujua. Akaniambia, nikizipungia zote, yake haitakosa."

Nikakaa sakafuni palepale miguuni pake, Baba, nikalia hadi akauweka ungo chini.

Wewe ulisema umeniona na hukuniona. Nami nilisema nimekuona na sikukuona. Yako ulijua si kweli. Ulisema kwa sababu ulijua ninahitaji kulisikia neno hilo kabla sijavua viatu vya kazi. Yangu mimi sikujua kuwa si kweli, nilikuwa na hakika nayo, ningeapa mbele ya kadhi kwamba kile ni kanzu na ndani ya kanzu umo wewe. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Macho yaliyokuona wewe ndani ya tangi ndiyo haya haya niliyotaka kuapa kwayo kwenye karatasi, kwamba Mutiso hakusema vizuri.

Jioni ile ile, baada ya magharibi, nikaja hapa mezani pako nikaandika. Niliandika kwamba jua halikuwa na kosa na mnara haukuwa na kosa. Niliandika kwamba sikuiona njia niliyopewa, nilidhani naiona, na kudhani kwangu kulikuwa na nguvu kuliko sindano. Nikaandika kwamba Mutiso aliniambia mara mbili, kwa sauti ya kusikika, ya kwanza nikamnyamazisha, ya pili ndiyo iliyotuokoa sisi na wale wa chini. Kalamu ilikuwa inakwenda kama nasemewa. Nilikuwa nakusikia barazani, "Huyu aliniambia."

Wamenitoa kwenye kiti cha ukapteni kwa sasa. Nilirudishwa kwenye mafunzo, na sasa nakaa kiti cha kulia, cha msaidizi, chini ya wengine, mpaka waniridhie. Ndugu zako wamekwisha kupata habari, na shangazi amekuja na kaimati na uso wa mtu anayetoa rambirambi, amenishauri nifungue duka la nguo. Nimekula kaimati. Mutiso alinipigia simu. Hakuwa na maneno mengi, aliuliza hali ya Mama, halafu akasema, "Asante, Kapteni." Nikamwambia mimi si kapteni kwa sasa. Akasema anajua.

Naumia, Baba, sitakuficha. Kuna asubuhi navaa sare na mistari iliyopungua begani, naona haya kupita mbele ya vijana niliowafundisha. Na bado naona ni afadhali haya hiyo. Nimeirudia kazi kwa jicho jingine: naisoma nambari kwa sauti, kila mara, hata uwanja niliotua mara mia. Wenzangu wadogo wananicheka chinichini. Nawaambia nina babangu aliyekula sinia la watu wasiomjua.

Wiki iliyopita ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi hapa nikiwa angani. Ilikuwa asubuhi, upepo ukatuzungusha upande wa bahari, na kisiwa kikaja chini ya dirisha langu, chote. Safari hii sikugeuza uso. Nikaiona Ngome, nikaiona misikiti, nikaliona na lile tangi likiwa jeupe palepale, nikalisalimu pia, halina kosa. Nikajaribu kukitafuta kichochoro chetu, kile kipande cha ndia ulichokuwa ukisimama. Sikukiona. Paa zimebanana, vichochoro vyote ni uzi mweusi, na mimi nimekwisha kula yamini kwamba sitasema naona nisichokiona.

Kapteni akanigeukia akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, si kitu, ni nyumbani.

Halafu nikainua mkono, Baba, nikaupungia mji mzima.

Lala salama, baba yangu. Saa ya ukutani, ile kubwa, leo nitaitia ufunguo, Mama ameniruhusu.

Mimi mwanao,
mvuta kanzu wako.